Hesabu za Msafara na Elimu ya Kompyuta

Historia ya elimu ya kompyuta katika vyuo vikuu mara nyingi husimuliwa kwa kuanzia na mashine. Njia ya misafara iliyopita Tabora inaonyesha kwa nini inafaa kuanza na hesabu. Mapema mwaka 1871, msafiri Mzungu Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa kwa safari ya bara, alipata makadirio kwa wafanyabiashara wa Kiarabu: posho ya watu 100 ni doti 10 za nguo kwa siku. Kwa mwaka mzima hizo ni doti 3,650, yaani merikani 2,000, kaniki 1,000 na nguo za rangi 650, kwa kuwa kila nchi njiani ilikuwa na nguo yake inayokubalika. Juu yake kulikuwa na ushanga, waya na hongo za watemi. Aliyekosea hesabu pwani alikwama Unyanyembe, eneo la Tabora, bila posho wala wapagazi.

Atasema mtu kwamba hiyo ni hesabu ya biashara tu, na kila penye soko ipo. Ni kweli. Lakini taaluma huzaliwa pale hatua za hesabu zinapoandikwa, zikahakikiwa na kufundishwa kwa yeyote atakayejifunza. Huko Cambridge, kompyuta ya EDSAC ilianza kazi mwaka 1949, lakini stashahada ya somo la kompyuta ilikuja mwaka 1953; idara ya somo hilo katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ilianzishwa mwaka 1962. Ujuzi wa msafara ulibaki vichwani mwa wafanyabiashara, wanyapara na viongozi wa njia, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ukakosa kazi na ukakosa warithi.

Yaliyotokea Hazina ya Tanzania yanafanana na hayo. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa uhasibu kuvurugika, serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta. Wapo wanaotaja uhaba wa fedha za kigeni, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, uhaba wa fedha hauelezi kwa nini mashine iliyokwisha kununuliwa ilishindwa kazi. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, kwa kuwa mashine ilitangulia darasa. Kwa hiyo umri wa taaluma hii nchini uhesabiwe tangu tulipoanza kuwa na walimu wake, na chuo chochote kinachotaka kuikuza, Tabora au kwingineko, kianze kuajiri walimu kabla ya kununua mitambo.