Mafungu Mengi, Furushi Moja

Mtu aliyepata kusimama alfajiri penye mnada wa samaki wa Feri, Dar es Salaam, au wa Malindi, Unguja, ameshuhudia ya kwamba kazi ya dalali haikomi pale bei inapokoma kupanda. Wachuuzi wakisha kuzidishiana, na mmoja wao akisha kuwashinda wenzake, ndipo kazi nyingine inapoanza: huyu amepata mafungu matatu na ataka yote yatiwe katika tenga moja, yule aomba asubiriwe malipo hata atakapouza, na wa tatu si wa kuachiwa mali, maana juzi alipandisha bei kisha akatokomea. Hayo yote dalali huyahifadhi kichwani bila ya daftari, na ujira wake hautokani na ukali wa sauti yake tu bali pia na ujuzi huo wa watu. Habari nitakazozieleza hapa ni za mnada wa namna nyingine, uliozaliwa Marekani katika mwaka 1995, ambao ulimwondoa mnadi na dalali kwa pamoja, ukadhaniwa kuwa umeiondoa na kazi yao. Ilhali kazi ile haikuondoka, bali ilihama sokoni ikaenda kukaa juu ya meza ya jikoni kwa muuzaji.

Lugha yetu yenyewe inatufunza kuwa mnada una pande mbili. Neno mnada, pamoja na kunadi na mnadi, limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni wito, yaani kupaza sauti watu wasikie. Lakini zabuni, ambayo kwetu ni ile bei mtu anayojitolea kununulia, ni jirani wa neno ambalo Waarabu humwitia mteja. Basi upande mmoja kuna sauti, na upande wa pili kuna mtu anayerudi. Wanazuoni wa fikihi nao waliutazama mnada kwa macho hayo mawili. Wameuhalalisha kwa hadithi ya Mtume, aliyepokea dirhamu moja kwa tandiko na bakuli la mtu maskini, akauliza nani atazidisha, akampa aliyetoa dirhamu mbili. Na papo hapo wameharimisha najashi, nayo ni kupandisha bei kwa mtu asiyekusudia kununua, ila kumhadaa mnunuzi wa kweli. Msomaji alishike neno hilo, kwa kuwa tutakutana nalo tena California.

Kuuziana na mtu usiyemwona hakukuanza na intaneti. Tangu karne ya 19, wauzaji wa stempu za kukusanywa waliendesha minada kwa barua, ambamo mnunuzi aliyeko mbali aliandika kiwango cha juu alichokuwa radhi kukitoa, na desturi ya wengi wao ikawa kumtoza mshindi si kiwango chake chote, bali kiasi kilichopita kidogo tu kile cha aliyemfuata. Mwaka 1961 mwanauchumi William Vickrey aliifafanua hekima ya utaratibu wa namna hiyo kwa hesabu, akatunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1996, naye akafariki siku tatu baada ya kutangazwa. Kwa upande wa uchukuzi, posta ya Marekani ilianza kupeleka vifurushi vya watu wote tarehe 1 Januari 1913, na tangu hapo mkulima wa bara kabisa akaweza kuletewa mlangoni kitu kilichonunuliwa mjini. Kwa hiyo vitu viwili vilikwisha kuwapo kabla ya kompyuta: zabuni ya siri inayosafiri, na mzigo unaoifuata. Kilichokosekana ni uwanja wa kuwakutanisha watu.

Uwanja huo ulifunguliwa mwezi wa Septemba 1995 na Pierre Omidyar, kijana mwenye asili ya Iran aliyezaliwa Paris na kukulia Marekani, ambaye aliandika programu yake wakati wa mapumziko ya sikukuu ya wafanyakazi, akauita AuctionWeb. Yapo masimulizi yaliyoenea sana ya kuwa aliuanzisha ili mchumba wake apate kubadilishana vikasha vya peremende za Pez. Lakini ilidhihirika baadaye kuwa hayo yalitungwa na watu wa kampuni ili waandishi wa magazeti wapate la kuandika. Kitu cha kwanza kuuzwa hapo kilikuwa kionyeshi cha leza kibovu, kile kikalamu chenye mwali mwekundu wanachokitumia wahadhiri, nacho kilipata dola 14.83, na Omidyar alipomwandikia mnunuzi kumuuliza kama amefahamu kuwa ni kibovu, akajibiwa kuwa yeye hukusanya vibovu hasa. Mwanzoni hakutoza ada yoyote, mpaka wenye kumkodisha njia ya intaneti walipomdai dola 250 kwa mwezi. Hapo akaanza kudai sehemu ndogo ya bei ya kila mauzo, na bahasha zenye hundi zikaanza kumiminika nyumbani kwake. Mwaka 1997 mnada ukaitwa eBay, na mwezi wa Septemba 1998 hisa za kampuni zikauzwa kwa umma kwa dola 18 kila moja.

Kampuni haikushika mali, haikuiona, wala haikuifunga. Tofauti yake na dalali wa Feri ni hiyo: dalali husimama baina ya watu wawili akiwajua wote wawili, na mashine ilisimama baina ya watu wawili bila kumjua hata mmoja. Pengo hilo lilitafutiwa dawa mwezi wa Februari 1996, pale Omidyar alipoweka baraza la sifa, ambapo mnunuzi na muuzaji kila mmoja alimwandikia mwenzake sifa njema au mbaya, na jumla yake ikaonekana kando ya jina lake kama nishani. Ila hesabu hiyo ilikuwa na kasoro ambayo ni ya maana katika kisa chetu: mnunuzi mmoja alihesabiwa mara moja tu. Aliyekuja mara moja na aliyekuja mara ishirini walikuwa sawasawa mbele ya mashine. Palikuwa na sababu ya hayo, kwani marafiki wawili wangeweza kusifiana mchana kutwa. Walakini matokeo yake ni kwamba mteja wa kurudi, ambaye ndiye uti wa mgongo wa biashara yoyote, hakuwa na mahali katika daftari.

Muuzaji alimwandalia mahali kwa njia yake, nayo ilikuwa furushi. Ukitaka kufahamu jambo hili, tazama hesabu za posta. Kadi moja ya kale katika bahasha ina gharama zake, na ukiongeza ya pili gharama haiongezeki ila kidogo mno. Kitabu kinachopelekwa kwa nauli nafuu ya vitabu hulipiwa zaidi kwa ratili ya kwanza kuliko kwa ratili zinazofuata. Na tangu mwaka 2004 posta ya Marekani ilitoa maboksi ya nauli moja, ambayo lolote liingialo humo, maadamu halizidi ratili 70, hulipiwa sawa. Hivyo mtu aliyeshinda minada mitano ya muuzaji mmoja, kila mmoja na nauli yake kamili, alikuwa akilipa safari tano kwa mzigo wa safari moja. Wauzaji wenye busara walilitambua hilo mapema, wakaandika chini ya kila kitu kwamba atakayeshinda zaidi ya kimoja atafungiwa pamoja na atatozwa nauli moja na nyongeza kidogo. Wakaenda mbele zaidi, wakaipanga minada yao ya vitu vya jinsi moja ifungwe jioni moja kwa kupishana dakika chache, ili aliyeshindwa katika cha kwanza ajaribu cha pili, na aliyeshinda cha kwanza aone faida ya kuongeza cha tatu katika boksi ambalo tayari limekwisha lipiwa.

Katika miaka ya mwanzo utaratibu huu ulikwenda vizuri kwa sababu malipo yenyewe yalikwenda polepole. Mshindi alingoja barua ya muuzaji yenye jumla, akapeleka hundi au hawala ya posta, na muuzaji akangoja hundi ikubaliwe na benki. Katika siku hizo za kungojana palikuwa na nafasi ya kusema, tafadhali nishikie hivi viwili, Jumapili nataraji kupata kingine. Kampuni ilipoinunua PayPal mwaka 2002 kwa dola bilioni moja na nusu, malipo yakawa ya kufumba na kufumbua, na wepesi huo ukazaa usumbufu ambao haukutazamiwa: mnunuzi alilipia kila kitu papo hapo na nauli yake kamili, kisha akaomba arudishiwe ziada, na muuzaji akalazimika kukaa na kalamu kurejesha dola mbili hapa na tatu pale. Hatimaye mashine ilifunzwa kuhesabu nauli ya pamoja yenyewe, kwa kanuni alizoziweka muuzaji. Lakini ombi la kushikiwa mzigo halikuweza kufanywa kanuni, likabaki kuwa hisani ya mtu kwa mtu.

Na penye hisani hapakosekani hila. Kwa vile ada ya kampuni ilikatwa katika bei na si katika nauli, walitokea wauzaji waliouza kitu kwa dola moja na kudai nauli ya dola thelathini, wakala faida yao ndani ya gharama ya posta. Mlango huo ulifungwa Marekani mwaka 2011, nauli nayo ilipoanza kukatwa ada. Kwa upande wa wanunuzi, walikuwapo walioomba kushikiwa vitu wiki baada ya wiki, kisha wasilipe hata kimoja; na muuzaji aliyekwisha umwa na nyoka wa namna hiyo aliliandika jina lake katika orodha ya waliozuiwa kuzabuni kwake, kama vile dalali wa samaki anavyolipuuza jina la mtu fulani hata akipaza sauti.

Hila iliyo mbaya kuliko zote ilikuwa najashi. Mzabuni anayerudi mara kwa mara kwa muuzaji mmoja aweza kuwa mteja mwema, na aweza kuwa muuzaji mwenyewe aliyevaa jina jingine. Kwa sura wanafanana, na mashine haikuwa na jicho la kuwatofautisha upesi. Mwaka 2000 mchoro uliodhaniwa kuwa wa Richard Diebenkorn, mchoraji mashuhuri wa California, ulizabuniwa mpaka dola 135,805, kisha ikagundulika kuwa zabuni za hila zilikuwa zimepenyezwa, na mauzo yakabatilishwa. Mwaka uliofuata wauzaji watatu walishitakiwa katika mahakama ya shirikisho. Hukumu ambayo mafakihi waliitoa juu ya soko la ngamia na nguo ililifikia soko la nyaya bila kuhitaji kubadilishwa neno, kwa kuwa kosa lilikuwa lile lile, na aliyedhulumiwa alikuwa yule yule, mnunuzi aliyeamini kuwa anashindana na mtu.

Kulikuwa na vitu ambavyo furushi halikuvifaa: makabati, piano, baiskeli, mitambo ya magari. Hivi viliuzwa kwa sharti la mnunuzi kuja kuvichukua mwenyewe, na sharti hilo liliurudisha mnada wa dunia nzima katika mtaa mmoja. Bei ilishuka, kwa maana wazabuni walikuwa wale tu waliokaa karibu kiasi cha kuendesha gari. Lakini mnunuzi aliepukana na nauli, na muuzaji akaepukana na mbao na misumari ya kufungia. Tatizo lilikuwa ushahidi. Ulinzi wa malipo ulitegemea namba ya posta inayoonyesha kuwa mzigo umefika, na kitu kilichotolewa mlangoni mkono kwa mkono hakina namba. Hivyo mtu asiye na haya aliweza kupakia kabati lake, kisha akadai kuwa hakupewa kitu. Kwa ajili hiyo wauzaji wakapendelea fedha taslimu, wengine wakadai sahihi; baadaye kampuni ikamwekea mnunuzi msimbo wa tarakimu sita, ambao humwonyesha muuzaji wakati wa kukabidhiwa, nao ukawa ndiyo stakabadhi. Katika miaka ya 2010, idara nyingi za polisi katika miji ya Marekani zilitenga nafasi katika maegesho ya vituo vyao, zenye taa na kamera, ili waliopatana katika intaneti wakutane hapo kwa amani. Soko lililojisifu kuwa halina uwanja likawa limejipatia uwanja, na askari wa soko juu yake.

Sehemu kubwa ya mauzo ya kampuni ile siku hizi hufanywa kwa bei iliyotajwa tangu mwanzo, desturi iliyoingizwa mwaka 2000, na kuzidishiana kumebaki kwa vitu adimu na kwa wenye kuvipenda: stempu, sarafu, kadi, vipuri vya mashine ambazo hazitengenezwi tena. Hao ndio wanaorudi, na kwao nauli ya pamoja bado ni neno la kwanza katika mazungumzo. Mnamo mwaka 2008 kampuni ilibadili hesabu ya sifa, ikakubali kwamba mnunuzi aliyerudi wiki nyingine ahesabiwe tena. Ilikuwa imepita miaka 12 tangu baraza la sifa lilipofunguliwa. Kwa muuzaji aliyekuwa akiandika anwani ile ile juu ya boksi kwa mara ya ishirini, pasipo kuitazama popote, habari hiyo haikuwa mpya.