Siku kompyuta zilipokataa kuwaka

Kwa miaka mingi, ukiwasha kompyuta, programu ya kwanza kuamka ilikuwa BIOS, iliyokuwa kwenye chipu ndogo ndani ya mashine. Miaka ya 1990 chipu hizo zilianza kuandikika upya. Ni raha, lakini pia ni hatari.

Mwaka 1998 Chen Ing-hau, mwanafunzi wa Taiwan, aliunda kirusi CIH. Tarehe 26 Aprili 1999 kilishambulia mashine za Windows 95 na 98: kikafuta megabaiti 1 ya mwanzo wa diski, kisha kikajaribu kuharibu BIOS. Kilipofaulu, skrini ilibaki nyeusi hadi chipu iandikwe upya au ibadilishwe.

Lakini faili nyingi zilikuwa bado zipo. Waliokimbilia kufomati walijipotezea wenyewe. Basi, mashine ikigoma, okoa data kwanza!