Stempu mbili zinafanana? Zigeuze kwanza

Stempu za “East Africa and Uganda Protectorates” zenye sura ya Mfalme George wa Tano zilianza kutoka 1912. Kwa mbele zinafanana kabisa, lakini karatasi zake zinatofautiana.

Igeuze, ilaze juu ya kitu cheusi. Alama ya maji ni taji na herufi CA, yaani Crown Agents. Herufi zikiwa za kuchapwa, ni toleo la 1912. Zikiwa za mwandiko wa mkono, ni la 1921.

Angalia na thamani. Zile za rupia zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa chaki, ili mjanja akifuta muhuri aitumie tena, wino wa picha nao utoke. Kwa hiyo usiiloweke majini ili kuibandua. Rangi ikishatoka hairudi.