gawanya, tenga (diski)

Kugawa ni kuwapa watu mafungu yao. Kugawanya ni kukifanya kitu kimoja kuwa sehemu kadhaa. Kwa hiyo diski kuu ya kompyuta hugawanywa. Kila kipande ni *sehemu ya diski*. Kigawo na kigawe hayafai hapa, kwani hesabu imeshayachukua (kigawo kikubwa cha shirika, kigawe kidogo cha shirika).

*Tenga* huhusu nafasi: "Gawanya diski katika sehemu tatu, kisha tenga gigabaiti 30 kwa ajili ya mfumo."

Katika Linux mpango huu huamuliwa kabla ya kusakinisha. Mzizi (/) hubeba mfumo, na /home hubeba mafaili ya mtumiaji. /home ikipewa sehemu yake, mfumo waweza kusakinishwa upya bila kuigusa. Kwenye seva ni busara kuitengea /var pia, kumbukumbu za matukio zisije zikaujaza mzizi.

Mfasiri atofautishe *futa sehemu* na *fomati sehemu*. Amri ya kwanza huiondoa sehemu katika jedwali la diski. Ya pili huibakiza, lakini huandika ndani yake mfumo mpya wa mafaili. Mtu aliyekusudia kufomati mzizi peke yake, akaelekezwa kwa neno lisilo wazi, aweza kupoteza picha na maandishi ya miaka.

Jedwali la MBR lina nafasi za sehemu kuu 4 tu. La GPT, kwa kawaida, 128.