Uchakavu na Ushukaji Thamani: Hesabu ya Gari Eastlands

Mnunuzi wa gari Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, huuliza bei, huuliza gari linakunywa mafuta kiasi gani, kisha huuliza swali ambalo kwake ni zito kuliko yote: nikitaka kuliuza kesho, litachukuliwa? Dalali jibu analo tayari, awe yuko kwenye yadi ya Kangundo Road au kando ya barabara ya Outering. "Mkubwa, hii iko na soko." Maneno hayo mafupi yamebeba dhana ambayo wahasibu wameiandikia viwango, ambayo Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ina jedwali lake rasmi, na ambayo Kiswahili kimeipa majina mawili. Wengine huiita uchakavu, wengine ushukaji thamani. Majina hayo hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo mnunuzi anapopotezwa. Naona kila jina lina kazi yake, na mwenye kutoa fedha zake kununua gari anahitaji la pili.

Tuanze na uchakavu. Kuchakaa ni kitenzi cha vitu vinavyoguswa. Nguo huchakaa, mkeka huchakaa, mabati ya paa huchakaa. Kwa gari la Eastlands neno hili lina ushahidi mwingi. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya tabaka la kati, na nyumba zake nyingi zina nafasi ya gari ndani ya geti. Pipeline na Kayole ghorofa zimesimama ukuta kwa ukuta, na gari hulala kwenye kiwanja cha kulipia, chini ya jua na mvua, likilindwa na mlinzi mmoja. Rangi hupauka, raba za milango hukauka, na matuta na mashimo ya barabara za ndani hula shoki na bushi kabla ya wakati wake. Huo ni uchakavu halisi. Fundi wa Kariobangi Light Industries anaweza kuuona, kuugusa na kuutajia bei.

Lakini chukua gari lililofunikwa turubai uani Donholm kwa miaka miwili, likiwashwa tu mara moja moja ili betri isife. Halikuchakaa hata kidogo. Likipelekwa sokoni, bei yake imeshuka vilevile, kwa sababu magari ya aina hiyo ya miaka ya mbele yamekwisha kuingia nchini. Halafu tazama kinyume chake. Toyota Probox, lililotoka mara ya kwanza Japani mwaka 2002 kama gari la mizigo midogo, hubebeshwa Kenya mirungi, maziwa, mboga na abiria kupita lilivyokusudiwa. Hakuna gari dogo linalochakaa kama hilo, na bado bei yake inashikilia, kwa kuwa kila mtu anajua litamwingizia fedha na spea zake ziko kila kona. La kwanza limeshuka thamani bila kuchakaa, la pili limechakaa huku thamani yake ikishuka polepole. Jina moja haliwezi kubeba hali hizo mbili.

Mhasibu ana maana ya tatu, na yake haihusu soko kabisa. Kenya inafuata viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu 1999, na kiwango nambari 16, kinachohusu ardhi, majengo, mitambo na vifaa, kinamtaka mhasibu achukue gharama ya mali, aondoe thamani ya mabaki, yaani kile anachotarajia kupata mali ikiisha kazi, kisha agawe kinachobaki katika miaka ya matumizi. Gari la shilingi 1,000,000, litakalotumika miaka minane na kuuzwa kwa 200,000, litabeba gharama ya 100,000 kila mwaka vitabuni. Sheria ya Kodi ya Mapato ina njia yake. Mwenye gari la biashara huruhusiwa kuondoa asilimia 25 ya gharama ya gari kila mwaka, kwa mafungu sawa. Kwa hiyo milioni moja huwa 750,000 baada ya mwaka mmoja, 500,000 baada ya miwili, na 250,000 baada ya mitatu. Hesabu hizi hazidai kwamba kuna mtu yuko tayari kulinunua gari kwa bei hiyo. Zinagawa tu mzigo wa gharama katika miaka. Wahasibu wanaoandika kwa Kiswahili wameuita mgao huu uchakavu, na sioni haja ya kuwanyang'anya neno lao. Limezoeleka na ni fupi.

Mwenye matatu au teksi anaihitaji hesabu hiyo kuliko anavyofikiri. Fedha anazoletewa na dereva na makanga kila jioni, baada ya mafuta na mishahara, huziita faida. Sehemu ya fedha hizo si faida. Ni gari lenyewe linarudi mfukoni mwake vipande vipande. Siku litakapokwisha, kama hakuweka kitu pembeni kwenye sacco, atajikuta alikula mtaji. Matatu za Eastlands zina pia shinikizo jingine. Nganya, yaani matatu ya madoido, iliyochorwa upya na yenye muziki na taa za mwaka huu, huipokonya abiria nganya ya mwaka juzi ingawa injini zote mbili ni nzima. Kupitwa na wakati kunashusha thamani bila kugusa chuma.

Sasa tuje kwa mnunuzi wa kawaida, mwalimu wa Umoja au muuguzi wa Komarock anayetafuta gari lake la kwanza. Kinachomhusu ni tofauti kati ya fedha atakazotoa leo na fedha atakazorudishiwa siku ya kuuza. Hiyo ndiyo ninayoiita ushukaji thamani. Neno "ushukaji" linaonyesha mwendo wa bei, na "thamani" inaonyesha kinachoshuka ni nini. Wasomaji wa habari husema pia shilingi imeshuka thamani, nayo ni dhana jirani. Hakuna awezaye kusema shilingi imechakaa bila kueleweka kuwa anazungumzia noti iliyoraruka. Ujirani huo una faida, kwa sababu bei ya gari Nairobi na thamani ya shilingi ni mambo yasiyotenganishika.

Magari mengi madogo yanayouzwa Nairobi yalitumika kwanza Japani. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo huwasukuma wenye magari kuyauza mapema. Kenya nayo, kwa kiwango KS 1515 cha Shirika la Viwango, hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa. Waagizaji wengi huleta magari yaliyokaribia ukingo huo, kwa sababu KRA hukadiria ushuru kwa kuanza na bei ya gari jipya la aina hiyo, kisha huipunguza kulingana na umri. Gari likizeeka, ushuru hupungua, mpaka mwaka wa nane mlango unafungwa. Matokeo yake ni kwamba mporomoko mkubwa wa bei, ule wa miaka ya mwanzo, humwangukia Mjapani. Mkenya hulipokea gari pale mteremko unapoanza kulegea.

Ndiyo maana majedwali ya ushukaji thamani ya Uingereza au Marekani, yanayoanza na gari jipya kutoka kiwandani, hayamfai mtu wa Buruburu. Hapa umri wa gari huhesabiwa kwa nambari ya usajili. Herufi za KDA zilianza kutolewa mwaka 2020, na gari la KDA linaweza kuwa liliundwa 2013. Watu wawili wakiuza magari yaliyoundwa mwaka mmoja, yule mwenye herufi za mbele zaidi huomba bei ya juu, na mara nyingi huipata, kwa sababu mnunuzi anajua gari limeonja barabara za Kenya kwa muda mfupi. Kuna ukweli ndani yake, lakini herufi si cheti cha afya. Kitabu cha gari huonyesha mwaka wa kuundwa na idadi ya wamiliki waliotangulia. Kisome kwanza. Tazama pia vioo. Wakazi wengi huchonga nambari ya usajili kwenye vioo vya madirisha na vya pembeni ili wezi wasivitamani, na kioo kisicho na mchoro kati ya vilivyochongwa kina maelezo ya kutoa.

Shilingi ikaongeza fumbo. Mwanzoni mwa 2020 dola moja iliuzwa kwa shilingi 101 hivi. Januari 2024 ilifika karibu 160, kisha ikarudi hadi takriban 129 kabla ya mwaka huo kwisha. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2023, ushuru wa forodha wa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Gari la kuagizwa likawa ghali, na yaliyokuwa tayari barabarani yakapanda nalo. Tuseme mtu alinunua gari kwa 900,000 mwanzoni mwa 2020 na kuliuza kwa 900,000 Januari 2024. Atasema halikushuka hata senti. Kwa dola, alitoa kama 8,900 na kupokea kama 5,600. Akienda kuagiza jingine kwa fedha zile, atapata gari dogo zaidi au la zamani zaidi. Gari lilishuka, ila shilingi ilishuka pamoja nalo na kuficha mteremko.

Je, bei ya kuuza tena inafaa kumshughulisha mnunuzi? Wapo wanaoshauri aisahau, anunue gari analolipenda na kuliendesha mpaka life. Ushauri huo una mashiko kwa mwenye mshahara wa uhakika na akiba benki. Eastlands, kwa familia nyingi, gari ndiyo akiba. Mgonjwa akilazwa, karo ya chuo ikidaiwa, au biashara ya soko la Gikomba ikiungua, gari huuzwa au huwekwa rehani kwa kitabu chake. Hapo jambo la kwanza ni wepesi wa kuuzika, hata kabla ya bei. Toyota Vitz au Fielder huweza kupata mteja ndani ya siku chache. Gari la Ulaya lenye injini nzuri zaidi na viti vya ngozi huweza kukaa miezi, na mwenye shida hana miezi.

Hata hivyo, wengi hulipia sifa hiyo kupita kiasi, kwa sababu hutazama asilimia badala ya shilingi. Chukua mfano. Toyota ya 1,100,000 inauzwa baada ya miaka minne kwa 800,000. Gari la Ulaya la 750,000 linauzwa baada ya muda huo kwa 400,000. La kwanza limepoteza asilimia 27, la pili asilimia 47, na dalali atakuonyesha hapo hapo lipi lina soko. Kwa shilingi, la kwanza limepoteza 300,000 na la pili 350,000. Tofauti ni 12,500 kwa mwaka. Na wa Toyota alitoa 350,000 zaidi siku ya kwanza. Kama alizikopa kwa asilimia 12, riba ya mwaka wa kwanza pekee ni 42,000. Spea na fundi huenda zikaipindua hesabu hii tena kumrudishia Toyota ushindi, na mara nyingi hufanya hivyo. Lakini basi Toyota imeshinda kwa spea na fundi, na mnunuzi anapaswa kujua hilo ndilo alilolipia.

Asiyekusudia kuuza kamwe naye hawezi kuikwepa thamani. Kampuni ya bima humlipa mwenye bima kamili kwa thamani ya soko siku ya ajali au wizi, hata kama ada ilikokotolewa kwa bei ya zamani. Anayeacha makadirio ya miaka mitatu iliyopita kwenye hati yake ya bima analipia fedha ambazo hatapewa. Na mwaka 2024 Muswada wa Fedha ulipendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua 5,000 wala kuzidi 100,000. Pendekezo liliondolewa mwezi Juni, na muswada wenyewe ukakataliwa baada ya maandamano. Kama lingepita, kila mwenye gari kuanzia Dandora hadi Embakasi angelazimika kujua gari lake lina thamani gani, na imeshuka kwa kiasi gani tangu mwaka uliotangulia.

Basi kabla ya kulipa, tafuta magari matatu ya aina unayoitaka ambayo yameshatembea Kenya miaka minne. Waulize wenyewe, si madalali, waliyanunua kwa ngapi na wanayauza kwa ngapi, na yamekaa sokoni kwa muda gani. Toa, gawa kwa miaka, kisha jumlisha mafuta, bima na fundi. Kama jumla hiyo ya mwaka inazidi uwezo wako, gari hilo si lako bado, hata likiwa na soko namna gani.