Tone la bati: historia ndogo ya kusude, na deni langu ku maternite



Leo sileti siasa. Naleta historia ya kitu kidogo kuliko punje ya mchele: rezistansi ya kubandikwa juu ya plake, ile iko mu simu, mu radio na mu regilatere ya sola. Nilijifunza historia yake kwa aibu, njo maana naiandika.

Mu mwaka wangu wa mwisho wa masomo, kituo kimoja cha afya kilinipa regilatere yao nitengeneze. Rezistansi moja iliungua. Nikabadilisha, taa ya maternite ikawaka, bakanishukuru. Miezi miwili kisha, mama muuguzi akanipigia: "Mwanangu, taa inazimika mbele ya saa sita ya usiku. Jana tulizalisha mama na tochi ya simu."

Sikulala vizuri. Nilibeba ile plake kwa mzee mmoja fundi wa radio hapa Bukavu. Akaiangalia na lupu, akacheka kidogo. "Ee enjeniya, ulisude muzuri. Lakini haukuosha."

Ile rezistansi iliandikwa 105, ni kusema 10 na sifuri tano nyuma yake: ohm 1 000 000. Mzee akapima, multimetri ikaonyesha chini sana ya hapo. Pasta ya kusudea ilikaukia chini yake, na wakati wa mvua ilivuta unyevu, ikafungulia umeme njia ya pembeni. Regilatere ikadhani betri imejaa, ikaacha kuichaji mapema. Mzee akaosha, akakausha, akapima tena: namba ikapanda mahali pake.

Nikajiuliza: mbona ku auditoire tulifundishwa hesabu ya rezistansi, lakini si kuiosha? Jibu liko mu historia.

Zamani rezistansi ilikuwa na miguu miwili ya waya. Miguu ilipita mu matundu ya plake, na bati likawekwa upande wa chini. Mu miaka ya 1960, IBM ilianza kubandika vipande juu ya plake bila matundu. Kompyuta iliyoongoza roketi Saturn V, ile ilipeleka watu ku mwezi mu 1969, ilitengenezwa kwa njia hiyo. Mu miaka ya 1980 viwanda vingi bikafuata, juu plake ilikuwa ndogo na mashine ilifanya kazi mbio. Leo rezistansi inayoitwa 0402 iko na urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita. Ukichomea upande mmoja mbele ya mwingine, bati linaweza kuivuta ikasimama wima sawa jiwe la kaburi.

Kusude kunaomba pasta, ambayo asili yake ni utomvu wa msunobari. Inaondoa kutu ili bati lishike. Kisha kazi, inabaki. Viwanda vilikuwa vinaosha mabaki na dawa moja ya jamii ya CFC. Ilikuwa rahisi, haiwaki moto, inakauka haraka. Kumbe ilikuwa inatoboa ozoni, ile hewa inayotukinga na jua. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yakatia sahihi mapatano ya Montréal, na ile dawa ikaanza kuondoshwa. Hapo viwanda vikatafuta pasta ya kuosha na maji, na pasta nyingine isiyohitaji kuoshwa.

Hiyo ya pili njo ilinidanganya. Ku chupa yangu iliandikwa kwamba haioshwi. Ni kweli mu kiwanda, mahali foro inapasha plake nzima. Lakini mkono wangu ulipasha ncha mbili tu. Pasta iliyotawanyika pembeni haikupata moto wa kutosha, ikabaki na ukali wake.

Mabadiliko mengine yalikuja tarehe 1 Julai 2006. Ulaya ilikataza risasi mu vyombo vingi vya elektroniki, juu inatia sumu. Bati la zamani, 63 kwa mia bati na 37 risasi, linayeyuka ku digrii 183. Lile jipya, bati na fedha na shaba kidogo, linaomba karibu 217. Njo maana chuma cha kusudea cha wazee kinahangaika ku simu za leo.

Na bati lenyewe? Karibu nusu ya bati la dunia inaenda mu kusude. Sisi tunajua jiwe lake: kasiterite ya Kivu, ya Maniema, ya Manono. Wakati wa vita ya pili, Japani ilipokamata Malaya mu 1942, bati la Kongo likahitajika sana kwa Uingereza na Marekani. Vijana ba kwetu banachimba paka leo. Jiwe linatoka ku milima yetu na magunia, na waya ya kusudea inarudi sokoni ikiwa na bei ya mbali.

Mzee alinionyesha namna. Alkoholi ya isopropili, 90 kwa mia au zaidi. Ile ya 70 ya famasi iko na maji mengi. Brosi laini. Unasugua, unafuta na kitambaa safi mbele haijakauka, unarudia na alkoholi mpya, juu ile ya kwanza inatawanya tu uchafu. Chuma kiwe kimepoa na dirisha wazi, maana alkoholi inawaka. Na pasta ya asidi ya mafundi ba mabomba, usiiguse hata kidogo ku plake.

Nilirudisha regilatere mwenyewe. Nikamwambia mama muuguzi ukweli: kosa lilikuwa langu, si la betri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi kaa hapa mpaka usiku, tuone."

Nikakaa. Saa saba ya usiku taa ilikuwa ingali inawaka.