Injini Imejaa Matope? Hivi Ndivyo Utaiosha kwa Mkono Bila Kuua Ndai

Kama unaishi Majengo, Nyeri, unajua vile udongo mwekundu hushika gari mvua ikinyesha. Ukifungua boneti, matope yamegandana na oili. Lakini usikimbilie mashine ya presha. Maji yakiingia kwa koili, altaneta ama kompyuta ya gari, ndai inaweza kataa kuwaka. Na kama ni Probox ya kazi, siku hiyo hakuna doo.

Fanya hivi:

1. Acha injini ipoe kabisa, kisha toa waya ya negativu kwa betri.

2. Funika altaneta, boksi ya fyuzi, koili na mahali injini huvutia hewa. Karatasi za mkate zinatosha.

3. Toa vumbi na majani na brashi kavu.

4. Changanya sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, usugue na mswaki mzee. Petroli zii! Inashika moto na inaharibu mipira.

5. Pangusa na kitambaa kilichokamuliwa, toa karatasi, uache boneti wazi hadi kila kitu kikauke. Baridi ya Julai hapa Nyeri, jipe muda zaidi. Rudisha waya, washa.

Sasa ile siri: baada ya siku mbili, chungulia tena. Ukiona oili mbichi mahali ulisafisha, hapo ndipo panavuja. Onyesha makanika mapema, kabla oili iishe na injini inok.